Uhalifu usioripotiwa mtaani hauhesabiwi

Mwananchi anayetafuta nyumba ya kupanga au ploti ya kujenga viungani mwa jiji la Nairobi huuliza kwanza kuhusu maji, barabara na shule. Hayo huweza kuyaona kwa macho yake. Kuhusu usalama, hata hivyo, hutegemea maneno ya wakala, ya bawabu au ya mhudumu wa bodaboda. Wachache huuliza takwimu, na hata wanaozipata huzisoma visivyo.

Mji wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu ni mfano mzuri. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Katikati ya miaka hiyo barabara kuu ya Thika ilipanuliwa, mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, na maelfu ya wafanyakazi wa jijini wakahamia huko.

Mji ukikua hivyo, idadi ya visa vya uhalifu nayo hupanda. Tuseme kituo cha polisi kiliandikisha visa 200 katika mwaka wa sensa ya kwanza na 400 katika mwaka wa sensa ya pili. Mkazi atalalamika kwamba uhalifu umeongezeka maradufu. Lakini kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kugawanya visa kwa idadi ya watu. Katika mfano huu, kiwango kingekuwa visa 84 kwa kila watu 100,000 hapo mwanzo, na 82 baadaye. Hatari inayomkabili mkazi mmoja mmoja ingekuwa imepungua kidogo, ingawa habari za wizi anazosikia zimezidi.

Hesabu hiyo nayo ina kasoro moja kubwa. Polisi huhesabu tu kile kilichoandikwa katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB.

Mwaka 2019 polisi waliandikisha visa 93,411 vya uhalifu kote nchini. Kwa kuwa Wakenya walikuwa takriban milioni 47.6, hiyo ni sawa na visa 196 hivi kwa kila watu 100,000. Uingereza na Wales, zenye watu takriban milioni 60, huandikisha zaidi ya visa milioni 5 kwa mwaka, yaani zaidi ya 8,000 kwa kila watu 100,000. Ni nani atakayeamini kwamba Mkenya yu salama mara 40 kuliko Mwingereza? Ni kweli kwamba sheria za nchi hizo zinatofautiana kuhusu kinachohesabiwa, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na mazoea ya kuripoti na kuandikisha.

Sababu za kutoripoti zinajulikana. Mali iliyoibwa ni ya thamani ndogo, mwathiriwa haamini itapatikana, anahofia kuombwa hongo, ama anamtambua mwizi na kuogopa kulipiziwa kisasi. Kwa upande mwingine, mwenye gari lililoibwa huenda kituoni bila kukosa kwa kuwa kampuni ya bima itadai hati ya polisi. Kwa hivyo, gari la tajiri huingia katika hesabu, ilhali mtungi wa gesi wa mpangaji husahaulika. Mtaa wa wenye nacho waweza basi kuonekana hatari kuliko ule ambao wakazi wake wamekata tamaa.

Kimya hicho kina gharama. Mkuu wa kituo anayeomba maafisa zaidi au gari la doria huulizwa idadi ya visa alivyo navyo. Kitabu kisicho na maandishi humshuhudia kwamba eneo lake ni tulivu. Doria hupelekwa kwingine, na wezi hawakosi kuona hivyo.

Gharama nyingine ni ya damu. Mshukiwa anapokamatwa na wananchi, Katiba ya mwaka 2010 inataka afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia siku isiyo ya kazi. Iwapo hakuna mlalamishi aliyeandikisha taarifa wala shahidi, huachiliwa. Wakazi wakiona ameachiliwa, hudai polisi wamehongwa, na anayefuata kukamatwa hupigwa mawe au kuchomwa. Kufanya hivyo ni mauaji mbele ya sheria. Isitoshe, aliyeuawa hawezi kumtaja anayenunua mali ya wizi, na biashara hiyo huendelea.

Maelezo sahihi kituoni ni muhimu vilevile. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kuvunja nyumba ya makazi kwa nia ya kutenda uhalifu mchana kunaweza kumfunga mtu miaka 7. Tendo hilo likifanyika usiku, ambao kisheria ni kati ya saa kumi na mbili unusu jioni na saa kumi na mbili unusu asubuhi, kifungo chaweza kufika miaka 10. Unyang'anyi una adhabu ya hadi miaka 14, na mshambulizi akiwa na silaha hatari au mwenzake, kosa hugeuka kuwa wizi wa kimabavu, ambao sheria huuwekea hukumu ya kifo. Saa, silaha na idadi ya wahalifu si mambo madogo.

Wakazi wengi wamechagua njia nyingine: kuta, malango na mabawabu. Haya husaidia, lakini ukuta hulinda kilicho ndani tu. Hauwalindi wanaotoka alfajiri kwenda kituo cha matatu wala wanaorejea usiku. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa kuiga mfumo wa Tanzania, ulinuiwa kuwafanya majirani wajuane na kupasha habari. Nao pia hauna nguvu iwapo habari hizo zinaishia katika makundi ya simu bila kufika kituoni.

Mwathiriwa anafaa basi kuripoti hata wizi mdogo, kudai nambari ya OB na kuihifadhi. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Aidha, ni busara kunakili mapema nambari za utambulisho za runinga, kompyuta na simu. Ya simu huonekana kwa kubonyeza *#06#. Chama cha wakazi nacho chaweza kuweka orodha ya nambari za OB za mtaa mzima na kumuuliza mkuu wa kituo, mwezi baada ya mwezi, kila kesi imefikia wapi. Afisa hawezi kupuuza kwa urahisi kile ambacho yeye mwenyewe amekiandika.