Joto Lisiloonekana Katika Dashibodi

Mshale wa joto ambao madereva wetu huutazama wapandapo mlima hupima maji ya injini, basi. Injini ya dizeli yaweza kuungua ndani ilhali mshale huo umetulia katikati kama kwamba hapana neno. Twayaandika haya kwa ajili ya wenye magari yaliyofungwa tabo baada ya kutoka kiwandani, kwani tumeona jamaa wakitia humo watoto na mali zao bila kujua ni joto kiasi gani lipitalo katika bomba la moshi.

Gari tulilolifuatilia ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, iliyoundwa bila tabo. Ni la mama mmoja mjane. Mwanawe hulipandisha Wundanyi na nazi, samaki na bidhaa za duka, akarudi na mboga hadi soko la Kongowea, na riziki ya nyumba nzima imo humo. Gereji moja ililifunga tabo, ile feni izungushwayo na moshi wa injini ili kusukumia hewa ndani, kisha ikafungua skrubu ya pampu ya dizeli mpaka moshi ukawa mweusi. Wakaambiwa nguvu imepatikana. Haikupita miezi mingi maji yakawa yanapungua pasipo kuvuja nje, mapovu yakaonekana katika rejeta, na silinda hedi ilipofunguliwa ikakutwa ina ufa kando ya chemba ndogo ambamo dizeli huanza kuwaka. Gharama ya hedi nyingine ilikula akiba yote ya karo za watoto.

Waliozoea injini za petroli hukosea hapa mara nyingi. Katika petroli, mafuta yakipungua kidogo kuliko hewa, joto hupanda. Dizeli ni kinyume chake: hewa huingia daima bila kuzuiwa, na mafuta ndiyo yanayopimwa, kila yanapozidi hewa iliyopo, moshi huwa mweusi na joto la hewa chafu hupaa. Kwa hiyo moshi mweusi si dalili ya nguvu, bali ya dizeli iliyokosa hewa ya kuwakia.

Alumini safi huyeyuka kwa nyuzijoto 660, na aloi yake na silikoni, ambayo pistoni nyingi hutengenezwa kwayo, huanza kuyeyuka karibu na 577. Pistoni haifikii joto la moshi wenyewe, kwa kuwa oili na maji huipoza. Lakini mwanya ni mdogo, na wengi waangalifu hawapendi kuona zaidi ya nyuzi 650 hadi 700 kabla ya tabo kwenye mlima mrefu. Maneno hayo “kabla ya tabo” yana uzito. Kipimajoto kikitiwa baada ya tabo huonyesha pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi gari likiwa na mzigo, na dereva hujidanganya kwa tarakimu njema.

Gari lilipopata hedi nyingine, tulilipeleka kwa fundi mzee mwenye subira. Kabla ya kugusa injini alikipima kipimajoto chenyewe: akatia ncha yake katika maji yanayochemka, ambayo huku kwetu usawa wa bahari yapasa kusoma 100. Kikasoma 100. Ndipo akakifunga pale moshi wa silinda zote unapokutana kabla ya tabo, akaongeza na saa ya msukumo wa hewa. Wakapanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi wakiwa na mzigo, kijana ameshika usukani, fundi anaandika gia, msukumo na joto. Joto lilifika 760. Msukumo, uliopasa kuwa pauni 8, haukuzidi 4.

Tarakimu hizo mbili pamoja zilimwambia mengi. Lau msukumo ungekuwa kamili na joto likawa juu vile vile, angeanza na pampu na nozeli. Sasa alijua hewa inapotea njiani. Walirudi gereji, wakaziba mdomo wa kuingizia hewa, wakajaza upepo kidogo wa kompresa na kupaka maji ya sabuni kwenye mipira. Mpira mmoja, chini ya klipu isiyoonekana kwa juu, ulitoa mapovu. Chujio la hewa nalo lilikuwa limeshiba vumbi. Baada ya hayo msukumo ulirudi 8, na joto likashuka hadi 690.

Nozeli zilipotolewa na kujaribiwa, moja ilikuwa ikidondosha badala ya kunyunyiza. Kasoro ya silinda moja hujificha ndani ya wastani wa saa, ndiyo maana fundi alikuwa amelinganisha matawi ya bomba, moja moja, kwa kipimajoto cha miale. Majira ya kunyunyiza dizeli aliyakuta sawa na hakuyagusa. Yakichelewa, mafuta huendelea kuwaka hata vali ifungukapo, na moshi hutoka na moto wake. Yakiwahishwa mno, joto la moshi hushuka huku shinikizo likizidi ndani ya silinda, na hedi kama hii ndiyo isiyolivumilia. Kuna mafundi wanaoshusha tarakimu kwa njia hiyo. Hatulipendi jambo hilo hata kidogo.

Mwisho kabisa ndipo alipoirudisha nyuma skrubu ya pampu, robo kwa robo, hadi moshi ukawa ukungu mwepesi. Mlima ule ule, mzigo ule ule: 620. Gari limepoteza sehemu ya nguvu zake, na kijana alinung'unika. Sasa hupanda kwa gia ya chini mapema, injini izunguke zaidi na kuvuta hewa zaidi, badala ya kuing'ang'ania gia kubwa. Joto hushuka kwa makumi ya nyuzi mbele ya macho yake. Afikapo juu huiacha injini ikivuma taratibu dakika mbili kabla ya kuizima, ili oili iendelee kupita katika beringi za tabo ingali na moto.

Mama mwenye gari ameomba ile saa isogezwe katikati ya dashibodi, ili naye akipanda aweze kuisoma.