Mzigo Umeingia: Utamaliza Msimu Ukiwa Mzima?

Kijana mwenzangu, kama unaishi Bahi, au umewahi kushuka pale ukitokea Dodoma mjini kuelekea Singida, unajua mambo yanavyobadilika mpunga ukishaiva. Kwenye majaruba yanayopata maji ya Mto Bubu watu wanavuna, wanapiga mpunga, wanapeta na kujaza magunia. Mashine za kukoboa hazinyamazi. Malori yanapanga foleni. Vijana waliokuwa wanapiga soga kijiweni mwezi Februari, sasa wanatafutwa kila kona: "Njoo upakie! Njoo ushushe!"

Kazi ya ghalani, au godauni kama wengi tunavyoita, ni kazi halali na ina pesa. Lakini ina hesabu yake. Chukua lori la tani 10. Likijazwa magunia ya kilo 100, hayo ni magunia 100. Mkiwa wanne, kila mmoja amebeba tani mbili na nusu mgongoni mwake. Hilo ni lori moja tu, na msimu una wiki nyingi.

Mara nyingi malipo ni kwa gunia, siyo kwa saa. Hapo ndipo mtego ulipo. Kila ukikaa chini unaona kama unatupa pesa. Basi unaacha kula, unaacha kunywa maji, usiku unapakia, asubuhi unashusha. Wiki ya kwanza unaonekana shujaa. Wiki ya tatu mgongo unakataa na wenzako wanaendelea kulipwa wewe ukiwa umelala. Je, hapo nani amepata zaidi?

Makala hii inakuambia jambo moja: nguvu zako ndiyo mtaji wako, na mtaji hauliwi wote siku ya kwanza. Sasa tuone unavyoweza kuutunza.

MAJI: USISUBIRI KIU

Dodoma ni mkoa mkavu wenye upepo. Jasho linakauka kabla halijakulowesha, kwa hiyo unadhani hutoki jasho. Mwezi Juni na Julai asubuhi kuna baridi, na kiu haiji haraka. Wakati huohuo, chini ya bati la ghala, mwili wako unapoteza maji kila dakika. Damu ikipungukiwa maji, moyo unafanya kazi ya ziada. Matokeo yake ni kichwa kuuma, miguu kuwa mizito, na hasira zisizo na sababu.

Ukifanya kazi nzito kwenye joto, kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 20 hivi. Usinywe lita mbili kwa mkupuo halafu ukae mpaka jioni. Unataka kujua kama unakunywa ya kutosha? Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya njano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Sehemu nyingine za Bahi visima vina maji ya chumvichumvi, na vijana wanayakwepa wakanywa soda. Soda ina sukari nyingi na haichukui nafasi ya maji. Ni bora mchangishane, mnunue ndoo ya maji safi ya genge zima na kuiweka kivulini, kila mtu na kikombe chake.

Mwenzako akianza kuyumba, kutapika au kuongea mambo yasiyoeleweka, msimcheke. Joto limempanda. Mtoeni nje kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji na kumpepea, kisha mpelekeni kituo cha afya mara moja. Hali hiyo inaua.

CHAKULA: MOTO HAUWAKI BILA KUNI

Chai ya rangi na andazi moja haitoshi kubeba magunia 25. Kabla ya kazi kula kitu kinachokaa tumboni: uji wa uwele au mtama wenye karanga, viazi, au kiporo cha ugali na maharage. Mchana ugali wako usiwe na mchuzi mtupu. Weka kunde, choroko, maharage, dagaa au samaki. Mlenda na mboga nyingine za majani usizidharau eti ni chakula cha kina bibi.

Na ubuyu je? Una vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Madini hayo hutengeneza damu. Chai inafanya kinyume: ukiinywa pamoja na chakula, inazuia chuma kufyonzwa. Kwa hiyo chai iache kwa saa moja hivi baada ya kula.

Usile mlo mmoja mkubwa ukarudi kazini papo hapo. Kula kiasi, pumzika, halafu katikati ya kazi tafuna karanga au ndizi.

NGUVU YA KUKOPA

Hapa tuongee wazi, mshikaji. Wengi msimu ukichanganya wanakimbilia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Ndani yake kuna nini hasa? Ni sukari na kafeini. Kafeini haikuongezei nguvu. Inazuia ubongo usisikie kwamba umechoka. Uchovu wenyewe upo palepale, unakusubiri. Halafu saa tano au sita baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado iko mwilini. Ukinywa saa 12 jioni, usiku unageukageuka kitandani. Kesho umechoka zaidi, unanunua makopo mawili. Huo ni mkopo wenye riba.

Pombe ya viroba ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini gongo na pombe nyingine bado zipo. Anayekunywa "ili apate stimu" anapoteza maji, anapoteza mizani, na anapanda ubao wa lori na gunia kichwani. Bangi na mirungi ni hivyohivyo, na juu yake kuna kesi polisi.

Dawa za maumivu nazo ziangalie. Ukimeza diklofenaki kila asubuhi ili mgongo unyamaze, tena bila kula na bila maji ya kutosha, unaweza kupata vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Maumivu ni kengele. Ukiizima kengele, moto haujazimika.

UBEBAJI: AKILI KABLA YA MSULI

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo wa kubebwa na mwanaume mmoja mzima usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili yake. Na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu, linapita hata kilo 100 ambazo sheria ya vipimo ya Tanzania imeweka kama kikomo cha ufungashaji wa mazao. Tunasikia kwamba lumbesa inamwibia mkulima. Ni kweli, lakini inamwibia mpakiaji pia, maana anabeba kilo ambazo hazilipwi.

Kama huwezi kubadilisha uzito wa gunia, badilisha namna ya kulibeba:

1. Msiinue gunia kamili mtu mmoja kutoka chini. Watu wawili wamtwishe wa tatu.
2. Ukiinua, kunja magoti, mgongo unyooke, mzigo uwe karibu na mwili. Nguvu itoke mapajani.
3. Usijipinde kiuno ukiwa na mzigo. Geuza miguu kwanza. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vifuto laini, na kujipinda na mzigo ndiko kunakoviharibu.
4. Kagua ubao wa kupandia lorini kabla ya gunia la kwanza. Fagia mpunga uliomwagika, unateleza kama mafuta.
5. Vaa viatu vilivyofungwa. Ndala ziache nyumbani.
6. Badilishaneni zamu. Aliyebeba magunia kumi, apange ghalani. Aliyekuwa anapanga, abebe.

Maumivu ya mgongo yakishuka mpaka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au ukafa ganzi sehemu za siri, nenda siku hiyohiyo.

USINGIZI SI UVIVU

Misuli iliyochoka hujengwa upya ukiwa umelala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na kijana wa chini ya miaka 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Watafiti wamegundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anapungua wepesi wa akili na mwili kama aliyekunywa pombe kiasi. Mkipakia usiku, lala mchana mahali penye giza na kimya, siyo juu ya magunia katikati ya kelele.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya angalau dakika 60, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Deiwaka wengi hawana mkataba na kudai peke yako ni vigumu. Lakini genge zima likikubaliana na msimamizi kabla ya kuanza kazi, kwamba kila lori likijaa tunapumzika dakika 15, hakuna atakayeonekana mvivu.

Na wewe uliye chini ya miaka 18? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu ubebaji wa mizigo mizito kuwa kazi ya hatari, hairuhusiwi kwako. Mifupa yako bado inakua.

UCHOVU UNAPOKUWA UGONJWA

Ukilala vizuri, ukala vizuri, na bado umechoka, usilaumu kazi tu. Waliokanyaga maji ya majaruba wanaweza kuwa na kichocho. Malaria na upungufu wa damu huleta uchovu pia. Kikohozi kikizidi wiki mbili usiseme "ni vumbi la pumba". Kapime kifua kikuu, matibabu yake ni bure. Kwa vumbi la kila siku, funga kitambaa safi puani na mdomoni, na fungueni milango yote ya ghala.

Tena, kichwa kikiuma ghafla ndani ya ghala na ukasikia harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, toka mbio. Vidonge vya kuulia wadudu wa nafaka hutoa gesi inayoua binadamu pia. Ghala lililopigwa dawa haliingiwi mpaka lipitishwe hewa na mwenye dawa athibitishe kuwa ni salama.

Kijana mwenzangu, msimu wa mwakani utakuja, na malori yatapanga foleni tena. Gunia lililobaki leo utalibeba kesho. Mgongo ukivunjika, hauuzwi dukani. Kabla hujaingia kazini kesho, kaeni na wenzako dakika tano mkubaliane mambo matatu: ndoo ya maji iko wapi, zamu zinakwendaje, na tunapumzika saa ngapi. Anzeni na hayo.