Moshi wa Meli na Mawingu ya Baharini

Mkulima wa Bahati au Njoro aweza kuuliza: meli zapita Mombasa, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara; moshi wake wanihusu nini? Wakuhusu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mvua yako hutokana na mvuke wa Bahari ya Hindi.

Mvuke hauwi tone hivi hivi. Hutafuta kwanza chembe ya kushikamana nayo: vumbi, chumvi ya bahari, au moshi. Meli kubwa huchoma mafuta mazito yenye salfa, na moshi wake huwa na chembe nyingi mno. Fikiri gunia moja la mahindi. Likigawiwa nyumba tatu, kila moja hupata chakula cha siku nyingi. Likigawiwa nyumba mia, kila moja hupata kidogo tu. Ndivyo maji ya wingu yanavyogawanyika: matone huwa mengi na madogo, wingu huwa jeupe zaidi, na mwangaza wa jua hurudishwa juu. Picha za setilaiti zimeonyesha mistari myeupe nyuma ya meli, kama mitaro ya plau shambani.

Moshi ule, basi, ulikuwa kivuli. Kivuli kibaya, maana uliwaumiza vifua watu wa bandarini. Tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipunguza salfa inayoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Chembe za salfa hukaa angani siku chache tu. Mistari ile ikapungua upesi, na jua likaifikia bahari zaidi. Wataalamu wangali wakibishana ni joto kiasi gani lililoongezeka hapo. Hawabishani kwamba joto la dunia latokana hasa na hewa ya ukaa, itokayo kwenye makaa ya mawe, petroli na misitu iliyokatwa, nayo hudumu mamia ya miaka. Kivuli kiliificha, hakikuiondoa.

Kwa hiyo usikubali ukiambiwa kwamba usafi wa meli ndio ulioleta mafuriko. Mvua za vuli za 2019 zilizidi kiasi kabla ya sheria ile kuanza, na Ziwa Nakuru, lililokuwa likipanda kwa miaka, likaendelea kupanda.

Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvua ikija huja kwa nguvu. Zibua mitaro kabla ya masika, panda majani ya tembo kingoni mwa matuta, na usikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kununua mbegu.