Ismail Khalfan, kinda aliyefunga bao akaanguka Kaitaba

BARIADI. KINDA wa Bariadi anayeota kucheza Ligi Kuu ana njia mbili. Ama anakamata basi la kupitia Lamadi kwenda Mwanza, ama anapita Maswa kuelekea Shinyanga. Simiyu inapakana na mikoa hiyo miwili, na kwa miaka mingi vipaji vyake vimekuwa vikikimbilia huko.

Ndiyo maana msiba wa Jumapili ya Desemba 4, 2016 haukuwa wa mbali kwa watu wa huku. Siku hiyo vijana wa chini ya miaka 20 wa Mbao FC ya Mwanza walikuwa wanacheza na wenzao wa Mwadui FC ya Shinyanga kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Jirani wa kulia na jirani wa kushoto, wote wamevuka kwenda Kagera kutafuta pointi.

Mbele ya Mbao alikuwepo Ismail Mrisho Khalfan, miaka 19. Alifunga bao. Mechi ikiendelea akagongana na mchezaji wa Mwadui, akaenda chini. Wenzake wakaita msaada, akahudumiwa pale pale na kukimbizwa hospitali. Hakurudi.

Bukoba yenyewe ilikuwa bado na vumbi la tetemeko la Septemba 10 mwaka huo, lililoua watu na kubomoa nyumba. Mji ambao haujamaliza kufuta machozi ukapokea msiba mwingine, tena wa kijana mgeni aliyekuja kucheza mpira tu.

Ili umwelewe Ismail, angalia klabu aliyokuwa anaichezea. Mbao ndiyo kwanza walikuwa wamepanda Ligi Kuu msimu ule wa 2016/17, na walipanda kwa mlango ambao hawakuutarajia, baada ya wapinzani wao wa Ligi Daraja la Kwanza kuadhibiwa kwa upangaji wa matokeo. Haikuwa timu ya mamilioni. Ilikuwa timu ya vijana wenye njaa, chini ya kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije. Kwenye klabu ya aina hiyo, straika wa miaka 19 anayefunga kwa vijana hayuko mbali na kikosi cha wakubwa. Majeruhi wawili tu, jina lako linaitwa.

Na msimu ule ulikuwa mtamu kweli kweli. Kaka zake walikuja kuitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA pale CCM Kirumba. Mei 27, 2017 wakawa Dodoma wakicheza fainali na Simba, wakabanana nayo hadi muda wa nyongeza na kufungwa 2-1. Hiyo ni miezi sita hivi baada ya Kaitaba.

Kilichomwondoa Ismail ni cha madaktari na familia yake, si cha kubahatisha gazetini. Lakini mpira umeshazika wengi walioanguka ghafla uwanjani. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon, Ufaransa, Juni 26, 2003, akiwa na miaka 28, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Kabla yake, Agosti 1989, Samuel Okwaraji wa Nigeria alifia uwanjani Lagos akiichezea nchi yake.

Yupo pia aliyerudi. Christian Eriksen wa Denmark alidondoka Juni 12, 2021 dhidi ya Finland, moyo ukasimama. Wenzake walimzunguka, madaktari wakamkandamiza kifua, mashine ya kuushtua moyo ikatumika. Februari 2022 alikuwa anacheza Brentford. Tofauti kubwa hapo ni dakika. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila mashine hiyo inakata sehemu kubwa ya nafasi ya kupona, na baada ya dakika kumi nafasi inakuwa finyu mno.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye ndondo zetu za Bariadi, Itilima au Meatu. Kamati inakumbuka mpira, jezi, refa na mbuzi wa mshindi. Gari la kubeba mgonjwa? Mara nyingi ni bodaboda ya shabiki. Mashine sawa, ni ghali. Mikono haiuzwi: kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike, ni kitu ambacho nahodha anaweza kufundishwa na muuguzi wa zahanati kwa mchana mmoja. Badala yake akianguka mtu tunammwagia maji na kumpepea kwa jezi, huku watu mia wamemzingira hata hewa hapati.

Timu mbili za siku ile nazo zimepoteza nafasi zao. Mbao walishuka Ligi Kuu msimu wa 2019/20, Mwadui wakafuata 2020/21. Waliokuwa makinda wenzake Kaitaba leo ni watu wazima, wengine na watoto. Ismail bado ana miaka 19, na bao moja dhidi ya Mwadui.