Risasi Katika Maji na Nuru ya Leza

Wanachama wengi tumezoea kuyapima maji ya kisima kwa jicho na ulimi. Yakiwa maangavu, hayana harufu wala chumvi, twasema ni maji ya pepo. Lakini kwa madini ya risasi kipimo hicho hakifai. Risasi iliyoyeyuka katika maji haionekani, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi hubaki ile ile katika maji machache zaidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita. Maana yake, gramu 1 tu ya risasi ndani ya lita 100,000 imekwisha fikia kikomo. Basi kitu kidogo namna hiyo huonekanaje?

Mwanzo wa jambo hili twauona jikoni. Maji ya chumvi yakimwagikia moto, ndimi zake hugeuka manjano. Waya wa shaba ukichomwa, hutoka kijani. Kila aina ya madini ina rangi zake ikipata joto kali. Mwaka 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Bunsen na Kirchhoff, walizichambua rangi hizo kwa kioo cha pembe tatu, na katika maji ya chemchemi ya Dürkheim wakagundua madini mapya, siziamu.

Siku hizi badala ya moto yaweza kutumiwa leza, taa iliyowashwa kwanza Marekani mwaka 1960. Mwali wake hukusanywa kwa lenzi mahali padogo mno, kwa kitambo kifupi kuliko kufumba na kufumbua, na joto hupita digrii 10,000. Hapo huruka cheche. Mashine husoma rangi za cheche hiyo, na ukali wa kila rangi huonyesha kiasi cha madini.

Lakini maji ni mkaidi: hutawanyika na kuizima cheche upesi. Kwa hiyo wataalamu huyatia katika karatasi ya kuchujia, wakayaacha yakauke. Maji huenda, madini hubaki, ndipo leza ipige. Wengine huyagandisha yawe barafu.

Nasi tufanyeje? Betri kuukuu la gari, ambalo ndani mna risasi, lisitupwe karibu na kisima. Na tukipeleka maji kupimwa, tuulize kama yatapimwa madini au vijidudu tu. Cheti cha vijidudu si cheti cha risasi.