VALI ZENYE KOTI



Katika nyumba za wafugaji huko Nyasura na vijiji vya jirani, chupa ya samli si kitu kigeni. Mchana wa jua kali samli humiminika kama maji. Asubuhi ya baridi huonekana imeganda, na hata ukipindua chupa haitoki. Mama wa nyumba hufanyaje? Haivunji chupa. Huisimamisha katika maji ya moto, akangoja. Jambo hili dogo ndilo asili ya vali nitakazowaelezeni leo.

Vali ni kilango kilichomo ndani ya bomba. Bilula ya maji ni vali ndogo, na kila mtu amekwisha kuiona. Ndani yake mna kizibo kilichoshikwa na shina la chuma, na juu ya shina pana mpini au gurudumu. Ukizungusha, kizibo huinuka na maji hupita. Ukizungusha kinyume, kizibo huketi katika kiti chake na maji husimama. Vali ya kawaida haina zaidi ya hayo, nayo yatosha kwa maji, maana maji ya nchi yetu hayagandi katika mabomba, ila labda juu ya Kilimanjaro, ambako hakuna kiwanda.

Walakini viko vitu vingi vya viwandani ambavyo tabia yake ni ile ya samli. Lami ya barabara ni kimoja. Mafuta ya wanyama yapikiwayo sabuni ni cha pili. Salfa iliyoyeyushwa, yaani kiberiti upele, hurudi kuwa jiwe joto lake likishuka chini ya digrii 115 hivi. Na karibu nasi yako mafuta ghafi ya Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert. Mafuta hayo yana nta nyingi, nayo huganda hata katika joto la kawaida la nchi zetu. Kwa sababu hiyo bomba la kuyachukua toka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga, mwendo wa kilomita 1,443, lilipangwa livikwe nguo nene ya povu na kupashwa moto kwa umeme, ili mafuta yakae katika digrii 50 hivi.

Sasa fikirini: bomba limevikwa vizuri, lakini vali imeachwa uchi. Vali ni pande kubwa la chuma, lenye shina na gurudumu vilivyotokeza nje, na joto hukimbilia huko. Basi mafuta huanza kuganda pale pale penye kizibo, na kizibo hushikwa. Siku bomba lipasukapo, vali hiyo ndiyo ya kufungwa upesi, nayo haigeuki. Wako watu ambao hapo hutia mtaimbo katika gurudumu wapate nguvu, na shina hukatika. Wengine huwasha moto chini ya vali, jambo ambalo laweza kuwaua.

Dawa ziko mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni blanketi, yaani kuizungushia vali povu au pamba ya mawe. Hii yafaa maadamu kitu cha moto chapita ndani. Lakini blanketi halina moto wake. Kazi ikisimama siku nzima, vali itapoa tu, kama chai katika chupa yake. Ukiifunika kwa blanketi samli iliyokwisha kuganda, haitayeyuka.

Dawa ya pili ni koti. Vali yenye koti ina ukuta wa pili wa chuma, na katikati ya kuta mna nafasi apitapo mgeni mwingine: mvuke, au maji ya moto, au mafuta ya moto. Kizibo na shina ni vile vile vya vali ya kawaida. Mvuke huingia kwa tundu la juu, hutoa joto lake, hugeuka maji, na maji hutokea kwa tundu la chini, wala havigusani kamwe na kile kipitacho ndani. Mara nyingi sahani za kuungia bomba nazo hufanywa kubwa zaidi, ili koti lifike mpaka kwenye maungio. Basi ukiona vali ya inchi 2 yenye sahani za inchi 3, usidhani mfuaji amekosea.

Vali hizi ni ghali, wala hazifai kununuliwa kwa maji matupu. Tena zataka akili. Joto likizidi si faida: salfa ikipita digrii 160 hivi huwa nzito kama ulimbo. Koti likipata ufa, mvuke utaingia katika mali na kuiharibu. Kwa hiyo hujaribiwa kwa nguvu ya maji kabla ya kutumiwa.

Na asubuhi kazi ianzapo, mvuke hufunguliwa kwanza, na gurudumu huachwa mpaka chuma chote kimepata moto. Fundi huangalia bomba la tundu la chini. Likiwa bado baridi hali mvuke umefunguliwa, ajua kwamba maji yamesimama ndani ya koti, naye huyatoa kwanza kabla hajajaribu kuzungusha.