Kipimajoto katika Mfuniko wa Jiko la Moshi

Kukausha nyama na samaki kwa moshi ni ujuzi wa kale kandokando ya maziwa yetu. Wenye ujuzi huo huujua moto kwa rangi ya moshi na kwa kiganja kilichosogezwa karibu na mfuniko. Lakini siku hizi nyumba nyingi hutumia pipa la chuma lenye mfuniko mzito, na kinachotendeka ndani hakionekani. Kila mara mfuniko unapofunuliwa ili kuchungulia, joto hutoroka, kuni zinapotea bure na chakula kinachelewa. Mwisho wake kuku hutolewa akiwa mwekundu wa kupendeza nje, na mbichi karibu na mfupa. Kuku wa namna hiyo ameziuguza familia nyingi.

Dawa yake ni kipimajoto cha mshale kinachofungwa katika mfuniko. Ndani ya kijiti chake cha chuma mna utepe wa metali mbili zilizogandamanishwa. Metali hizo hazitanuki sawasawa zipatapo joto. Kwa hiyo utepe hujipinda na kuuzungusha mshale. Hakihitaji betri wala umeme.

KIPIME KWANZA

Kabla ya kutoboa chochote, hakikisha kwamba chombo chenyewe kinasema kweli. Chemsha maji katika sufuria, uzamishe kijiti bila kugusa chuma cha sufuria, usubiri mpaka mshale utulie. Hapa wengi hukosea kwa kutarajia nyuzi 100. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pwani ya bahari tu. Kila tupandapo mita 300 hivi, hupungua karibu nyuzi moja. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ni nyuzi 97 hivi. Kampala ni 96. Kigali ni 95. Mtu wa Kampala akikirekebisha kipimajoto kisome 100 atakuwa amekiharibu kilicho kizima. Ikiwa kuna nati ya kurekebishia nyuma ya uso wake, itumie; kama haipo, andika tofauti hiyo mahali utakapoiona daima.

VIFAA

Kipimajoto pamoja na nati na washa zake, msumari, nyundo, keekee yenye ncha nyembamba na nyingine nene, tupa ya mviringo, na utepe wa kunata.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Chagua mahali. Moto huwekwa upande mmoja na nyama upande wa pili. Kipimajoto kiwe juu ya nyama, si juu ya moto, wala si karibu na tundu la kutolea moshi. Funika mfuniko kwanza uone kwamba kijiti hakitagusa chakula.

2. Bandika utepe mahali hapo, hasa ikiwa mfuniko una enameli, ili isibanduke. Tia alama kwa msumari na nyundo, polepole.

3. Toboa kwa ncha nyembamba, kisha panua kwa ncha nene. Upana wa tundu uufuate uzi wa kipimajoto chako, kwani havilingani vyote.

4. Lainisha kingo kwa tupa. Osha mfuniko mpaka chembechembe zote za chuma ziishe, zisije zikaanguka katika chakula.

5. Penyeza kijiti, tia washa, kaza nati kwa ndani. Usikaze kwa kushika uso wa duara.

KUSOMA MSHALE

Kwa nyama ngumu ya ng'ombe inayoiva taratibu, joto linalofaa ni kati ya nyuzi 107 na 121. Vipimajoto vingi kutoka Marekani huonyesha Farenhaiti, na hapo ni 225 hadi 250. Joto likizidi, ziba kiasi matundu ya hewa ya chini, likipungua, yafungue. Subiri kidogo kabla ya kugusa tena, kwa maana mshale hauna haraka.

Jambo moja lisisahauliwe. Mshale wa mfuniko hueleza joto la hewa iliyo juu ya chakula, nayo mara nyingi ni moto kuliko hewa ya pale kwenye wavu. Hauelezi hata kidogo joto la ndani ya nyama. Kuku huwa salama pale sehemu yake nene inapofikia nyuzi 74, na hilo hupimwa kwa kipimajoto kingine kinachochomwa katika paja bila kugusa mfupa. Asiyekuwa nacho amchemshe kuku mpaka aive kabisa, ndipo amtie jikoni apate rangi na harufu ya moshi.

Mfuniko wenye mshale hukuongoza katika kuutunza moto. Kuiva kwa chakula kuhakikishe ndani ya chakula chenyewe kabla ya kuwapakulia watoto.